Ukuta wa jikoni: waifu anataka utoke, bi mkubwa anataka ubaki. Nyumba zetu zimfuate nani?

Mzee_wa_Jamvi

Wakuu habari za jioni. Nina kesi ya kifamilia, naileta hapa maana nahisi sio yangu peke yangu.

Nimemwaga jamvi la zege wiki iliyopita huku Bunju. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo na choo cha pabliki. Ramani ni ile ile unayoiona kila mtaa mpya wa Dar, nilirushiwa watsap na jamaa yangu nikampelekea fundi, fundi kuitazama tu akasema hii naijua bosi hata usihangaike kuiprinti. Jumatatu anaanza kunyanyua kozi za tofali na hapo ndio balaa limeanza. Waifu anataka ukuta kati ya jiko na sebule usijengwe kabisa, iwe openi kicheni na kaunta yake, anasema anarudi kazini saa kumi na mbili anasimama jikoni mpaka saa tatu, kachoka kupika anaangalia tofali huku sisi tunacheka na tivii. Upande wa pili bi mkubwa anahamia kwangu kutoka Pangani, mzee alifariki mwaka juzi na sitaki akae peke yake. Aliposikia habari ya hiyo kaunta akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, mgeni akija aniangalie nimekalia mbuzi?"

Mbuzi ya kukunia nazi wakuu, msielewe vingine.

Nikakosa jibu. Mimi nimekulia Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, vitatu huku vitatu kule na korido katikati, unanyoosha moja kwa moja mpaka unatokea uani. Huko uani ndio kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo na maneno yote ya nyumba. Mgeni wa kiume alikuwa anaishia barazani, akizidi sana ni mlangoni kwa korido, anapiga hodi anasubiri. Hakuna aliyetundika tangazo, nyumba yenyewe ilikuwa inakuelekeza ukae wapi. Hii ninayojenga sasa inaelekeza mambo mengine na mimi mwenyewe mwenye nyumba sijui inaelekeza nini.

Kwa hiyo swali, maisha yakibadilika nyumba nayo ikimbie kwa kasi hiyo hiyo, au inatakiwa itushike shati kidogo? Na mwamuzi ni nani, anayepika, anayelipa au mchora ramani? Povu ruksa ila mje na hoja.

---

Kitasa_Kimoja

Hela yako, kiwanja chako, jenga unavyotaka. Wanaume wa siku hizi mnaomba ruhusa mitandaoni mpaka ukuta wa jikoni. Haya endeleeni.

---

MamaPacha

Kitasa hajawahi kupika huyo, tumsamehe.

Mtoa mada mimi nina openi kicheni mwaka wa nne sasa, nikwambie ukweli wake wote. Kwanza dagaa. Ukikaanga dagaa siku ya Jumanne, Ijumaa mtu akikaa kwenye sofa anajua. Mapazia yanabeba kitunguu, makochi ya kitambaa ndio usiseme, ile fani ya juu ya jiko waliyoniuzia kwa mbwembwe inavuta hewa kama mtu mwenye mafua. Nikaishia kufanya wanachofanya wote, nimejenga kibanda cha bati nyuma, huko ndio kuna gesi ya chini, jiko la mkaa, sufuria kubwa, mchi na kinu. La ndani limebaki la chai na la maonyesho. Tembea Goba, Madale, Kibada, ingia nyumba kumi zenye jiko la vigae na makabati ya kung'aa halafu zunguka nyuma uone moshi unatokea wapi. Uani umekataa kufa jamani, tumeufukuza kwenye ramani ukarudi na bati zake.

LAKINI, na hapa waifu wako anisikie, ukuta siurudishi. Kabla ya hapo nilikaa nyumba ya kupanga jiko lipo mwisho wa korido kama adhabu. Watu wanakuja, wanakula, wanaaga, mimi nimeonana nao kwenye salamu na kwenye kukusanya sahani. Sasa hivi mapacha wanafanya homuweki kwenye kaunta mimi nakatakata mboga naona nani anaandika nani anachora gari. Na mume wangu ameanza kuosha vyombo, sio kwa semina wala mahubiri, ni kwa sababu sinki linatazamana na tivii na mpira anauona vizuri tu akiwa amesimama pale. Miaka sita ya kulalamika haikufanya kazi, ukuta kutokuwepo ukafanya.

Kwa hiyo bi mkubwa ana haki na mkeo ana haki, wewe ndio huna haki ya kujenga jiko moja tu.

---

Mchora_Ramani

MamaPacha umemaliza nusu ya kazi yangu. Mimi riziki yangu ni hizi ramani kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie.

Mtoa mada anaisema nyumba ya vyumba sita kama vile ilishuka na mababu. Mkuu, hiyo nyumba nayo ilikuwa jibu la wakati wake. Chukua umbo la nyumba ya pwani, ule udongo na miti, baraza mbele na ua nyuma, ulitie kwenye viwanja vilivyopimwa mistari kama Kariakoo, halafu mjini wamiminike watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Korido ya katikati ikawa mashine ya kodi. Kila chumba na mlango wake, familia sita chini ya bati moja, choo kimoja, uani mmoja. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele anakula kodi ya vitano. Ile heshima ya mgeni kuishia barazani ilikuwa ya kweli kabisa, ila na uchumi nao ulikuwemo ndani yake, sio maadili matupu.

Na hata kwamba nyumba hiyo ilijengwa Magomeni na Kariakoo na sio Oysterbay, hilo nalo liliamuliwa. Mwaka 1914 Wajerumani walitoa sheria ya ujenzi iliyoukata mji wa Dar vipande vitatu kwa aina ya jengo linaloruhusiwa, Waingereza wakauendeleza mpango huo huo. Ndio asili ya uzunguni, uhindini na uswahilini mpaka leo tunatamka bila kufikiri. Uwanja wa Mnazi Mmoja mnaoenda kupumzika pale ulikuwa uwazi wa kuwatenganisha watu wa Kariakoo na watu wa mjini. Kwa hiyo mtu akiniambia majengo hayana siasa huwa namwambia apite Mnazi Mmoja kwa miguu.

Tukirudi Bunju. Hiyo ramani ya watsap ina mambo matatu yamejificha. Inadhani wenye nyumba ni baba, mama na watoto wawili. Inadhani wageni wanakuja kwa miadi. Inadhani kila anayepika anapika amesimama. Sebule yako na dainingi nina uhakika vinakula karibu theluthi ya nyumba, ni eneo la kumwonyesha mtu anayekuja mara mbili kwa mwezi, halafu jiko wamelibana pembeni mita tatu kwa mbili na nusu wakati ndio chumba chenye mtu kuanzia alfajiri. Huwa nawauliza wateja wangu, mchana saa nane ni nani yupo nyumbani na amekaa wapi? Wengi hawajawahi kufikiria. Wewe Mzee wa Jamvi, saa nane mchana nyumbani kwako kuna nani?

---

Mzee_wa_Jamvi

@Mchora_Ramani saa nane... bi mkubwa na dada wa kazi na mtoto mdogo. Dah. Sebule itakuwa imefungwa mapazia.

---

Donholm254

Niaje wasee wa Bongo, nawasoma kutoka Nairobi. Mzee wa Jamvi umetaja dada wa kazi hapo juu. Nimerudi kwa orodha yako ya vyumba nikahesabu mara mbili. Masta ni yenu, cha pili watoto, cha tatu nadhani mathe. Huyo dada analala wapi?

Nauliza bila ubaya juu huku kwetu hiyo ndio aibu yetu kubwa. Apartimenti za Kilimani, Lavington, Kileleshwa utaona kwa tangazo, vyumba vitatu pamoja na DSQ, yaani chumba cha mfanyikazi wa nyumbani. Ukienda kuiona hiyo DSQ ni kachumba nyuma ya jiko, kupitia pale pa kufulia, kitanda kikiingia mlango haufunguki wote, kadirisha kako juu kama ka stoo, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Nyumba yote ina sakafu ya mbao, hapo wameweka simiti. Hiyo plani ni ya enzi ya mkoloni, boi analala nyuma. Mkoloni alienda, tumejiita watu huru, tunapigia kelele haki za wafanyikazi kwa mtandao, lakini akitekta akichora nyumba mpya leo hii anachora boi yule yule.

Na sio hiyo tu. Chumba cha teni bai teni kila mtu wa Nairobi anakijua, futi kumi kwa kumi, ndio ploti zote za Eastlands. Hiyo saizi haikutoka kwa familia. Serikali ya mkoloni ilikuwa inamhesabu Mwafrika wa mjini kama mwanaume mmoja amekuja na kipande chake shingoni, kile kitambulisho cha lazima, anafanya kazi, akimaliza anarudi reserve, eneo walilotengewa Waafrika, kwa mke na watoto. Mtu wa kulala tu. Sasa leo ndani ya hiyo teni bai teni kuna baba, mama, watoto watatu, pazia katikati, jiko chini ya meza. Kipande kilikufa zamani lakini kipimo chake bado tunalipia renti kila mwezi.

Pia tuna mfano mzuri lazima niseme. Buruburu ilijengwa miaka ya 70, nyumba zimepangana kwa makoti, sawa sawa zote. Enda sasa uone. Huyu ameongeza chumba mbele, yule amefungua duka kwa ukuta, mwingine ameweka ekstenshoni ya ghorofa ya wapangaji juu ya karakana. Kaunti wanalia eti uchafu wa mpango. Mimi naona ni watu wameisahihisha plani wenyewe, watoto walikosa kazi wakahitaji duka, mathe alizeeka akahitaji chumba cha chini. Ubaya ni kwamba wamesahihisha mpaka mwanga umeisha na makoti yamejaa gari.

Kwa hivyo msee, dada analala wapi?

---

Mzee_wa_Jamvi

@Donholm254 hapo umenishika pabaya. Mpango ulikuwa stoo. Nimeandika "stoo" kwenye ramani kumbe kichwani najua ni chumba cha mtu. Hata dirisha haina, ina tundu la hewa tu la tofali za nakshi.

---

MamaPacha

Afadhali umesema ukweli. Nusu ya stoo za mji huu zina godoro ndani.

---

Binti_Ngambo

Asalaam alaikum. Mie wa Unguja, nimezaliwa Ng'ambo kabla hatujahamia mabloki ya Michenzani kwa shangazi yangu. Wageni wanayaita treni kwa vile yalivyo marefu, unaweza kutembea ukuta mmoja ukachoka. Yalijengwa enzi za Mzee Karume na kuendelea, kwa mipango ya Wajerumani wa Mashariki na mikono ya watu wa kujitolea, na nyumba za udongo za Ng'ambo zikavunjwa kuyapisha. Niseme haki ya Mungu, ilikuwa jambo kubwa. Mtu aliyekuwa akikaa nyumba ya makuti, leo ana umeme, ana choo ndani, ana jiko lake peke yake. Fikra ilikuwa watu wote sawa, basi milango yote sawa, madirisha yote sawa. Nani atakataa usawa?

Lakini hayo majengo yalisahau kitu kimoja, kwamba sisi tunakufa.

Mume wa shangazi alipofariki tulikuwa ghorofa ya juu kabisa. Nyumba ya Ng'ambo maiti inaoshewa uwani, chini, pazia linazungushwa, maji yanakwenda shimoni, wanawake wako ndani wanaume wako barazani, kila mtu anajijua. Juu kule tukaoshea bafuni, watu wanne wakubwa hawaenei, mlango wazi, shuka limeshikwa na watoto wawili. Kisha jeneza. Ngazi zile pembe zake ni fupi, linapofika kwenye kona halizunguki likiwa limelala, basi lilisimamishwa wima, na marehemu ndani, wanaume wakishuka kwa vidole vya miguu wakisema taratibu, taratibu, kila ghorofa. Shangazi yuko juu ngazini anaona. Yeye hazungumzii kitu chengine kuhusu siku ile ila kona ya ghorofa ya pili.

Na baraza je? Chini ya mabloki watu wametengeneza mabaraza ya saruji na mbao wenyewe, maskani, drafti jioni, kahawa, redio. Hakuna mchoraji aliyechora. Kwa hiyo mie naona nyumba ikibadilika kufuata fikra mpya ni sawa, lakini muulizeni mwenye fikra mpya, arusi tutafanyia wapi na maiti atatokea wapi?

---

Kitasa_Kimoja

Binti hapo umenigusa aisee. Pole kwa shangazi. Kota ninayokaa mimi msiba ukitokea turubai linafungwa parkingi na wenye magari wananuna.

---

Kijukuu_cha_Lamu

Mada tamu. Naona hapa watu washaanza kuililia nyumba ya zamani, ngojeni niitetee halafu niiseme.

Kwetu Lamu mji wa kale, ule uliotiwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, ukiingia nyumba ya mawe huingii, unapitishwa. Kuna daka nje na viti vyake vya kujengewa, hapo ndipo mwenye shughuli ya haraka anamalizana na mwenye nyumba. Ukipita mlango hukutani na kiwanda, ndio ua wa ndani, moja kwa moja, njia inakata kona ili jicho lako lisifike ndani kabla ya miguu. Halafu misana, zile kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwengine, kadiri unavyosogea ndivyo mambo yanavyokuwa ya wenyewe, mpaka ndani kabisa ambako ukuta mzima ni zidaka za chokaa, yaani vishubaka. Mgeni wa kulala ana sabule yake juu. Neno hilo ndilo lenu la sebule, nyinyi mmelishusha chini mkalifungulia mlango wa mbele.

Vyumba vyenyewe ni virefu vyembamba kwa sababu boriti la mkoko lina urefu wake, karibu mita mbili na nusu mpaka tatu, hupati zaidi. Kwa hiyo msidhani kila kipimo ni maadili, chengine ni mti tu ulivyoota!

Sasa wikio. Hiyo ni daraja inayovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba moja kwenda nyengine. Nyanya yangu alikuwa akienda kwa dadake asubuhi na kurudi jioni bila kukanyaga njia. Wageni wakiona wanasema masikini, mwanamke kafungiwa. Lakini nyumba ile ilikuwa ya nyanya. Desturi yetu baba anamwandalia binti nyumba akiolewa, mume ndiye anayekuja. Ukimkosea mkeo wewe ndio unayetafuta pa kulala. Sasa mfungwa hapo nani?

Upande wa pili, nisijifanye sijui. Hivyo vyumba vya chini visivyo na mwanga, nyuma, viliwahi kuwa vya watumwa, mtu asikwambie vyengine. Donholm anailaumu DSQ kwa mkoloni, sisi pwani tulikuwa nayo kabla ya mkoloni. Na dada yangu mimi anafanya kazi Mokowe, kila asubuhi anateremka gatini anapanda mashua, wikio haimsaidii kitu. Yeye nyumba anayoitaka ina dirisha kubwa upande wa bahari na dawati la laptopu. Tulipokarabati tukamwekea dawati msana wa mbele, zidaka tukaziacha, kaweka chaja na vitabu humo. Hatukubomoa, hatukuhifadhi kama makumbusho pia. Watu wa mambo ya kale wana masharti yao juu ya sura ya nje na tuliyafuata, yalituchelewesha tu.

---

Mswahili_Maskati

Salamu kutoka Maskati. Huku nyumba karibu zote majlisi, chumba cha wageni, ina mlango wake wa nje na choo chake na bomba la kunawia. Mgeni anaingia, anakunywa kahawa, anaondoka, ndani hawajui hata alikuwa mmoja au kumi. Mzee wa Jamvi huna haja ya ukuta wa jikoni ukiwa na mahali pa kumweka mgeni kabla hajafika sebuleni. Tatizo lenu mmejenga fensi ya futi nane na geti, mkaifuta baraza, halafu mlango wa mbele unafunguka usoni kwa tivii. Mgeni unamkaribisha wapi isipokuwa katikati ya nyumba?

---

Mchora_Ramani

Mswahili wa Maskati hilo la fensi ndilo huwa linanisikitisha kuliko yote. Mtu anamaliza mamilioni kwenye ukuta, vipande vya chupa juu, nyaya, halafu ananipigia anauliza mbona mama amekuja mjini amenyong'onyea. Atafanyaje, amezoea kumjua anayepita.

Mzee wa Jamvi, nakupa ushauri wa bure kabla ya Jumatatu, ukinipa soda siku nyingine sawa. Ukuta mkubwa wa jikoni uache usijengwe, mpe mkeo kaunta. Ukuta huo haubebi chochote ukipaua vizuri, mhandisi wako athibitishe tu, kwa hiyo ukija kuutaka baada ya miaka kumi utaujenga siku mbili. Nyumba nyingi zinaharibika kwa sababu kila ukuta umejengwa kama vile maisha ya wenyewe hayatabadilika.

Jiko sukuma lipakane na upande wa nyuma, toa mlango uingie kwenye kibaraza cha uani chenye bati la kudumu kwenye ramani, sio la kuja kubandika. Mita tatu kwa nne inatosha. Huko ndio mbuzi, kinu, mkaa, dagaa wa MamaPacha. Stoo iwe chumba, mita tatu kwa tatu, dirisha la kweli, uichukue kwenye dainingi maana dainingi hamtakulia, mtakula mbele ya tivii kama Watanzania wote. Ukiishiwa dada wa kazi siku moja kitakuwa chumba cha mgeni au cha kijana wako akikua.

Choo cha pabliki, kile cha karibu na chumba cha bi mkubwa, mlango kwenye hizo ramani ni sentimita 70. Fanya 90 na usiweke ngazi mlangoni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo ya umma yafikike, ya kwako sio ya umma, ila magoti ya mama hayajui tofauti hiyo.

Na la mwisho. Umesema amekalia mbuzi. Dirisha la jiko la kawaida linaanza baada ya kozi nne, kama mita moja kutoka chini. Mtu aliyekalia mbuzi macho yako chini ya hapo, atakaa siku nzima anaangalia plasta.

---

MamaPacha

Hili la dirisha sijawahi kulifikiria maisha yangu yote na nimekalia mbuzi tangu nina miaka saba.

---

Donholm254

Mchora, dainingi kukatwa ndio dada apate dirisha. Nimeipenda hiyo. Huku ungefutwa kazi na developa.

---

Mzee_wa_Jamvi

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa saiti.

Nimewasomea uzi mzima wote wawili, waifu na bi mkubwa kwa simu, spika ikiwa juu. Binti Ngambo uliposimulia kona ya ngazi bi mkubwa alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekata. Halafu akasema kumbe watu wa mjini mna shida kuliko sisi. La wikio alicheka, akasema na yeye nyumba ya Pangani ni ya mama yake, mzee alikuja na sanduku.

Jioni tukaenda saiti mimi na waifu tukachora kwenye jamvi kwa mkaa. Kaunta ipo. Kibaraza cha nyuma kipo, mita tatu na nusu maana shimo la choo limenikaba. Dainingi imekufa, imezaa chumba cha dada, na dada mwenyewe tulimpigia kumuuliza kitanda akae upande gani, hakuamini, akadhani tunamfukuza kwa mafumbo. Fensi bado tunabishana. Mimi nataka mbele iwe ya matundu na baraza ya kukaa watu wawili nje ya geti, waifu anasema vibaka. Ana hoja, mtaa wenyewe taa hazijafika.

Fundi ndio kazi. Nimemwambia dirisha la jikoni la upande wa nyuma lianze baada ya kozi mbili, akaniangalia akasema bosi kozi mbili ni dirisha la kuku. Nikachukua ndoo ya rangi nikaigeuza nikaikalia pale pale kwenye jamvi, nikamwambia nyanyua kipimo mpaka kwenye macho yangu. Akapima, sentimita 88. Akakuna kichwa akauliza nondo za dirisha zisogee au zibaki vile vile, maana likiwa chini hivyo mtoto anaweza kupitisha kichwa.

Mchora, nondo nafasi ya ngapi kati yake? Jumatatu saa moja anaanza.

---

Mchora_Ramani

Sentimita kumi, isizidi. Na mwambie zisimame wima, za kulala mtoto atazifanya ngazi.